Ugalla Haikuwa Tupu

Imekuwa ada siku hizi kuzisifu mbuga kwa ukimya wake. Mgeni aliyechoshwa na misururu ya magari ya Serengeti huambiwa kwamba magharibi, mkoani Tabora, ipo Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, na kwamba humo atakuta miombo, viboko, mamba, palahala na korongo, wala hatakuta mtu. Kisha hupewa neno la kumalizia: hili ni pori lisiloguswa.

Sifa hiyo ni ya uongo, na uongo huo unamdhuru mtu wa Kaliua.

Nchi ya Unyamwezi haikuwa nchi isiyoguswa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilipita Tabora ikielekea Ujiji, na wengi wa waliobeba mizigo walikuwa Wanyamwezi: pembe zikishuka pwani, nguo na shanga zikipanda bara. Richard Burton alifika Kazeh, Tabora ya leo, mwaka 1857. Hakuivumbua njia, aliikuta. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, aliijenga dola yake Urambo kwa kuijua thamani ya njia hiyo. Neno safari, ambalo leo hutamkwa London na Chicago kwa maana ya kutazama simba, lilibebwa na mabega hayo. Msomaji wa visiwani ana haki ya kulijua hili kuliko wengi, kwani Unguja ilitajirika kwa pembe hizo, na ndovu wa bara ndio waliolipa.

Ukimya nao una historia. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza, ikipambana na malale, iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vilivyotawanyika na kuwakusanya pamoja. Mashamba yakageuka msitu, mbung'o wakarithi. Mwaka 1965 Ugalla ikawa pori la akiba; hata hivyo warina asali na wavuvi waliendelea kuingia kwa vibali na kwa msimu. Hadhi ya hifadhi ya taifa ikaufunga mlango huo. Basi ukimya unaouzwa kwa mgeni haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitengenezwa, na wako walioulipia.

Hapana anayetetea ujangili. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu ndovu 109,051 nchini, na ile ya 2014 ikakuta 43,330. Mbele ya hesabu hiyo, asemaye kwamba ulinzi ni anasa hajui asemalo. Lakini kumlinda mnyama ni jambo moja, na kumfuta binadamu katika masimulizi ni jambo jingine. Mrina asali anauhitaji mmombo uwe hai, kwani bila maua hakuna asali. Watasema mizinga ya magome huua miti, nao watakuwa wamesema kweli. Ila dawa yake ni mizinga ya mbao, si kumgeuza mwenye pori kuwa mhalifu au kivuli.

Hakuna mshairi wa pwani ambaye angekubali bahari isifiwe kwa kukosa mashua na wavuvi. Kwa nini basi akubali msitu usifiwe kwa kukosa watu, na kuuimba kana kwamba uliumbwa jana kwa ajili ya wageni?

Aendaye Ugalla na aende. Ashuke Kaliua, pale reli inapogawanyika, moja ikienda Kigoma na nyingine Mpanda, akawatazame viboko na wanyama wengine kwa furaha. Lakini mwongoza wageni na amwambie pia nani alipita hapo, amebeba nini, nani alihamishwa na nani alizuiwa mwaka 2019. Na meza ya uamuzi iwe na kiti cha mrina asali. Bila hayo, huo hautakuwa utulivu, bali ni watu walionyamazishwa.