Sven Mtambikaji, Mfalme kwa Bei ya Farasi

Juma hili twawaongoza mbali, kaskazini mwa Ulaya, katika nchi ya Uswidi, yapata mwaka 1080. Wafalme wa huko walikuwa wamekwisha kubatizwa, lakini watu wengi walishika bado miungu ya wazee wao: Thor wa ngurumo, Odin wa vita, na Frey wa mavuno na amani. Mahali pa matambiko palikuwa Uppsala. Adam, mwalimu wa shule ya kanisa la Bremen katika Ujerumani, aliandika yapata mwaka 1075 kwamba kila mwaka wa tisa taifa lote lilikutana huko, na mkristu asiyetaka kutambika alipaswa kujikomboa kwa mali.

Mfalme Inge alikuwa mkristu. Papa Gregori VII alimwandikia barua mwaka 1080. Siku moja, barazani, watu walimtaka achague: atambike kama desturi ilivyo, ama auache ufalme. Inge alijibu kwamba hataiacha imani ya kweli. Hapo wakapiga makelele, wakamtupia mawe, wakamfukuza.

Shemeji yake, Sven, alibaki barazani. Akawaahidi kutambika kwa ajili yao, wakimpa ufalme. Wote wakakubali. Farasi akaletwa, akachinjwa, nyama ikagawiwa ikaliwa, na mti wa matambiko ukapakwa damu. Kwa hiyo aliitwa Blot-Sven, maana yake Sven Mtambikaji.

Masimulizi hayo yaliandikwa na watu wa Iceland katika karne ya 13, na orodha ya kale ya wafalme wa Uswidi haimtaji Sven. Ndiyo maana wenye elimu wengine huuliza kama aliishi kweli. Hata hivyo, mtu wa namna yake twamjua sote. Angalieni: Sven hakusema kwamba Thor ni mungu wa kweli. Katika maneno yake hamna imani, mna bei tu.

Ufalme huo ulidumu miaka mitatu. Inge alirudi na askari wachache, akisafiri usiku na mchana. Alfajiri akaizingira nyumba ya Sven, akaitia moto, naye Sven akauawa. Sisi hatuusifu moto huo. Moto waweza kumrudishia mtu kiti chake, lakini hauwezi kumpa jirani yake imani.

Mwingine alitenda vema zaidi. Eskil, askofu aliyetoka Uingereza, alisikia kwamba watu wanatambika Strängnäs. Mapokeo yasema alikwenda huko, akawasihi waache, nao wakamwua kwa mawe. Mji alimozikwa waitwa Eskilstuna hata leo. Nayo Uppsala ilipata askofu mkuu wake wa kwanza mwaka 1164, mmonaki Stefan, na kanisa la mawe likajengwa pale pale palipokuwa pa matambiko.

Enyi akina baba na mama, baraza la Uppsala hukutana hata nyumbani. Mtoto augua, ama kazi yapotea, na wazee wa ukoo waja kusema: « Toeni kuku mmoja tu, Padri hatajua. » Tusiwacheke wazee hao. Watu wa Uppsala waliogopa njaa, nao wazee wetu waogopa kifo cha mjukuu wao. Hofu hiyo ni ya kweli. Tuwajibu kwa heshima, tumpeleke mtoto hospitalini, tukeshe pamoja nao, tusali. Lakini kuku tusimtoe. Na wakikasirika, tusiwatupie mawe ya maneno.

Nanyi wanafunzi, mtakapoahidiwa cheo kwa sharti la kukana mnachokiamini, ulizeni kwanza bei yake. Sven aliuza tambiko lake kwa miaka mitatu ya ufalme, na jina alilobaki nalo ni la farasi yule.