Eti Nimtoe Mtoto

"Mwandiko mzuri. Ila toa mtoto."

Hayo ndiyo majibu niliyopata mwaka 2016 kutoka kwa mhariri mmoja ambaye sitamtaja. Nilikuwa nimemtumia makala ya safari: treni kutoka Tabora hadi Kigoma, kisha MV Liemba kushuka Ziwa Tanganyika mpaka Kasanga. Mgongoni nilikuwa na mwanangu wa miezi minane. Mhariri alinieleza kwa upole, maana ni mtu wa adabu, kwamba msomaji anataka ziwa, anataka historia ya meli, anataka njia ya misafara. Mambo ya kunyonyesha na nepi "yanaipunguzia makala uzito". Akanishauri niyapeleke kwenye ukurasa wa malezi.

Makala haikuchapishwa. Imelala kwenye kompyuta yangu, na mtoto wake ndani. Leo nataka kubishana, na si kwa ajili yangu tu, maana kila nikisoma habari za safari tunazoandika siku hizi namkuta mtu yuleyule: mwanamume, begi moja, daftari, machweo. Hana anayemlilia. Akifika Tabora anapiga picha tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872, ananunua asali, anaandika kwamba amefuata nyayo. Nyayo za nani, kaka?

Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora yetu, Novemba 1857. Hawakufungua njia yoyote. Wanyamwezi walikuwa wameshazoea kwenda pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga, na hawakwenda wanaume peke yao. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture (2006), ameonyesha kwamba wapagazi wengi walisafiri na wake zao, na watoto pia. Wanawake walibeba vyombo na chakula, wakapika, kambi ikawa kambi kwa sababu yao. Hebu piga hesabu: safari ya miezi. Mtoto aliyeondoka Unyanyembe hajaota jino alifika Bagamoyo akitafuna.

Labda ndiyo maana Tabora hakuna aliyenishangaa. Bibi yangu aliuliza swali moja tu: umechukua kanga ngapi? Nikamwambia nne. Akaongeza mbili. Walioshangaa ni wenzangu wa Dar es Salaam, wasomi wazuri tu, walioniambia namtesa mtoto wa watu. Mtoto wa watu! Nimemzaa mwenyewe.

Njia hii imewahi kusikia amri ya kumtoa mtoto, na siku hizo haikutolewa kwa kalamu. Alfred Swann, baharia wa wamisionari wa London aliyekwenda Ziwa Tanganyika miaka ya 1880, anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1910 alivyokutana na msafara wa watumwa na pembe. Wanawake walibeba pembe na watoto kwa pamoja. Akauliza: mama akishindwa kubeba vyote viwili? Msimamizi akamjibu kwamba pembe haiachwi njiani. Mtoto huchomwa mkuki, mzigo ukapungua. Wamisionari walikuwa na sababu zao za kuandika walivyoandika, na msomaji ana haki ya kumsoma Swann huku amekunja uso. Mhariri wangu simfananishi na yule msimamizi, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba ukitaka kuandika uzito wa njia hii bila mtoto, umeuondoa uzito wenyewe.

Na wakati mwingine tunamtoa wenyewe. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliondoka Unguja kwa meli mwaka 1866 akiwa mjamzito, akajifungua mtoto wa kiume Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa, akafunga ndoa, akaanza safari ya kwenda Hamburg. Mtoto akafia njiani, Ufaransa. Kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, zimeiruka mimba ile na kaburi lile. Simlaumu. Aliandika kwa Wajerumani wa wakati ule, na kuna mambo mama hawezi kuyashika kwa kalamu. Lakini tangu nijue hivyo, kila nikifika kwenye ukurasa wa kuondoka Aden nasoma polepole, namtafuta.

Sasa Liemba. Meli yenyewe iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikapita Tabora kwa reli, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Haya mhariri aliyapenda. Hakugusa hata nukta.

Ila hiyo ni historia ya chuma. Ukiwa ndani, meli ni kitu kingine. Vituo vingi havina gati. Inapiga honi usiku, inasimama mbali na ufuko, boti za mbao zinakuja zikigombania mlango wa ubavuni. Yanaingia magunia ya dagaa, mananasi, magodoro, na watoto. Mama anamfungua mwanawe mbelekoni, anamnyanyua, baharia anampokea kwa mikono miwili na kumpitisha nyuma kwa yeyote aliyesimama hapo. Ndipo mama naye anapanda. Usiku wa kwanza yeyote aliyesimama hapo nilikuwa mimi. Nikabaki na watoto wawili, wangu na wa mwanamke ambaye sijamwona hata uso, mmoja analia, mwingine anamsikiliza. Mama yake alipoingia, kanga imelowa mpaka magotini, hakusema asante wala samahani. Alimchukua mwanawe, akamtazama wangu, akauliza ana miezi mingapi. Toka hapo mpaka Kasanga aliniita kwa jina la mwanangu, Mama Fulani, kama tunavyoitana. Akanieleza habari za mume aliyevuka kwenda Kongo, bei ya migebuka, shangazi anayemfuata. Jina langu lililo kwenye tiketi hakuwahi kuliuliza.

Nikimtoa mtoto, mhariri, mwanamke huyu anaongea na nani?

Mwaka mmoja kabla, Mei 2015, meli hiihii iliwachukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, ikawaleta Kigoma huku kipindupindu kimeshaingia. Picha zilizosambaa zilijaa watoto migongoni. Hapo sikusikia mtu akisema toa mtoto. Kumbe mtoto anaruhusiwa kwenye habari akiwa anakimbia. Akisafiri na mama yake kwa raha zao, anaharibu fasihi.

Mtaniambia maji ni hatari. Ni kweli, na sitaki kulipita jambo hili kwa utani. Baada ya MV Bukoba (1996), MV Spice Islander (2011) na MV Nyerere (2018), ubishi ulikuwa uleule: walikuwa watu wangapi? Siku moja, kwenye kivuko kingine ambacho nakiacha bila jina, karani aliandika jina langu. Nikamwuliza, na mtoto? Akanijibu bila kuinua kichwa: "Huyo halipi." Kampuni nyingi za meli za starehe huko Ulaya na Marekani hazimpokei mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa safari ndefu zinataka atimize mwaka. Unaweza kuwacheka kwa ubwana wao, lakini angalau mtoto yumo kwenye karatasi yao. Sisi tunambeba kila siku na hatumwandiki popote, si kwenye daftari la karani wala kwenye makala.

Wiki hii nimeifungua tena ile makala. Götzen nimempunguza, sentensi mbili zinamtosha. Aya ya nepi ilikuwa moja, sasa ni tatu.