Kabla ya kusema karuho, uliza ni saa ngapi

Mama yangu mdogo anauza sambaza sokoni hapa Kavumu. Asubuhi akinadi, hata waliokwisha kupita wanageuka. Mwaka juzi tukaanza kuona jambo: ikifika saa tisa alasiri sauti yake inahamia puani, kama ya mtu mwenye mafua. Halafu ikaja zamu ya chakula. Jioni, matonge matatu ya kwanza ya bugali yalishuka bila taabu. La tano alilizungusha mdomoni. La saba alishika kidevu kwa kiganja, akakisukuma juu ili aweze kutafuna, na maji ya kusukumia yakamtokea puani.

Kwetu Kabare, na Bukavu vilevile, mtu anayekabwa koo baada ya kula kwa watu hatafutiwi ugonjwa. Amepewa karuho, sumu inayodaiwa kutiwa chakulani, basi. Juma moja kabla, jirani yetu mjane alikuwa amemkaribisha pombe ya kasiksi. Siku mbili hazikupita, mjane akawa mchawi. Mama mdogo akapelekwa kwa mtu anayetoa karuho, akanyweshwa kikombe kizima cha dawa ya kutapisha. Koo lisiloweza kumeza maji haliwezi kumeza dawa. Nyingine ilipita njia ya hewa, akakohoa wiki tatu. Mimi nafundisha biolojia sekondari. Nilikuwepo pale, na sikufungua mdomo.

Baada ya hapo kila mtu akawa na ushauri. Katekista wetu, mtu mwema kabisa, alimwambia atafune chingamu kutwa ili taya ikomae, maana miguu ya wabeba mizigo hukomazwa na kazi. Tukamnunulia. Jioni ile hakuweza hata uji.

Kisha ikaja malaria. Katika kituo kimoja cha afya alitundikiwa kwinini, na asubuhi yake hakuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia. Silaumu dawa yenyewe. Kivu hii imepandwa mikwinini tangu enzi za Wabelgiji, Bukavu kuna kiwanda cha Pharmakina kinachoitengeneza, na wazee wetu kidonge chochote bado wanakiita kinini. Imeokoa wengi. Lakini kwa ugonjwa aliokuwa nao mama mdogo, kwinini ni kuni motoni, na sindano ya jentamisini ni hivyohivyo.

Jina la ugonjwa tulilipata Bukavu, kilomita 30 hivi kutoka hapa. Daktari hakuanza na mashine. Alisema, “Mama, hesabu kwa sauti, moja mpaka hamsini.” Mpaka ishirini, sauti ya sokoni. Thelathini ikaanza kuingia puani. Arobaini na mbili hatukuielewa tena. Akamwacha apumzike kimya, kisha akamwambia aanze upya, na moja ikatoka safi. Daktari akanigeukia: “Mwalimu, umesikia?”

Nilisikia. Neva inapotaka msuli ukaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hushika vipokezi vilivyo juu ya msuli. Katika ugonjwa huu, miasthenia gravisi, kinga ya mwili yenyewe huviziba na kuviharibu vipokezi hivyo. Vilivyobaki vinatosha kwa matonge ya mwanzo. Kila mwito unaofuata, kemikali inayomwagwa hupungua kidogo. Mtu mwenye afya hata hatambui, kwa kuwa vipokezi vyake ni vingi mno. Kwa mama mdogo, msuli hausikii tena unachoitiwa. Ukipumzika, nguvu inarudi. Ndiyo maana chingamu ilimwangusha.

Dawa yake ina historia iliyonikosesha usingizi. Mwaka 1934, daktari Mary Walker, katika hospitali ya St Alfege huko Greenwich, London, alimdunga mgonjwa wa namna hii fisostigmini, na misuli ikaamka kwa saa chache. Vidonge vya piridostigmini anavyotumia mama mdogo leo ni vya ukoo huo. Na fisostigmini ilitoka wapi? Katika maharagwe ya Calabar, Nigeria, mbegu yenye sumu ambayo watu walinyweshwa kule waliposhitakiwa kwa uchawi: akitapika, hana hatia, akifa, alikuwa mchawi. Mbegu ya kuhukumia wachawi ndiyo iliyofungua njia ya kutibu ugonjwa ambao sisi, Kavumu, tulimhukumia mjane.

Siku hizi anakunywa kidonge, anasubiri kama nusu saa, ndipo anakula. Chakula kikubwa ni cha asubuhi. Jioni ni uji mzito, amekaa wima, na hapigi soga akiwa anameza, adhabu kubwa kwake. Kupata vidonge ni kazi nyingine. Tangu waasi wa M23 walipouteka uwanja wetu wa ndege Februari 2025, tunavisubiri vije kwa mkono wa ndugu anayevuka mto Ruzizi.

Sisemi kila koo lililokwama ni ugonjwa huu. Kiharusi huja ghafla. Saratani ya umio huanza na vyakula vigumu, mtu akakonda, na haijali asubuhi wala jioni. Huu unajali. Mgonjwa akila vizuri asubuhi na kushindwa usiku, kope zikimlemea, sauti ikichoka kabla yake, msimpe cha kutapisha wala msimkate kimeo. Mwambieni ahesabu mpaka hamsini, kisha mpelekeni hospitali, na kabla hajatundikiwa dripu yoyote mwelezeni muuguzi mlichokiona.

Nimeshakwenda mara mbili kwa yule mjane kuomba radhi. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Bado anapitia njia ya nyuma akienda kuchota maji.