Mwandishi wa Watoto Jukwaani: Fasihi ya Mazingira na Hadhira ya Tarime na Serengeti

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuyachukulia maonyesho ya hadhara ya mwandishi wa watoto kuwa ni jambo la pembeni. Mwandishi anapokwenda shuleni, akasoma sura moja ya kitabu chake, akawaigizisha watoto na kujibu maswali yao, tendo hilo huhesabiwa kuwa ni la mchapishaji anayetafuta wanunuzi, au la mradi unaohimiza usomaji. Uhakiki huanza pale kitabu kinapofunguliwa mezani. Makala haya yanayapinga mazoea hayo. Tunadai kwamba, kwa upande wa fasihi ya mazingira hasa, jukwaa ni sehemu ya utunzi wenyewe, na kwamba hadithi ya mazingira ambayo haijapimwa mbele ya watoto wanaoishi ndani ya mazingira hayo ingali mswada, hata kama imekwisha kuchapishwa na kutiwa jalada la rangi. Tumechagua wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kwa kuwa huko ndiko dai letu linakojaribiwa kwa ukali zaidi.

Tuanze na kisa. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuhudhuria usomaji wa hadithi katika shule moja ya msingi wilayani Serengeti, si mbali na mpaka wa hifadhi. Hadithi yenyewe ilimhusu ndama wa tembo aliyepotezana na mama yake, akasaidiwa na ndege na nyani hadi akarudi kundini. Msomaji alikuwa hodari wa sauti na ishara. Watoto walicheka palipostahili kucheka na kunyamaza palipostahili kunyamaza. Alipomaliza akauliza ni nani kati yao anampenda tembo. Mikono michache ikainuka, tena kwa kusitasita. Kisha mvulana mmoja akasimama na kuuliza kwa adabu zote: "Mwalimu, tembo huyu wa kitabuni hali mahindi?" Darasa zima likaangua kicheko, na hakikuwa kicheko kile cha mwanzo. Baadaye tuliambiwa kwamba baadhi ya watoto wale huamkia darasani moja kwa moja kutoka kwenye madungu, ambako wamekesha na kaka zao wakipiga madebe ili kulinda mashamba.

Msomaji yule, na sifa hii ni haki yake, alikifunga kitabu. Alimwomba mvulana aonyeshe jinsi tembo anavyoingia shambani. Kwa muda wa nusu saa hivi tulitazama igizo ambalo halikuandikwa na mtu. Mmoja alikuwa tembo, wawili walipanda dawati na kulifanya dungu, na msichana mmoja akajitwalia nafasi ya mama anayewakataza wanawe wasishuke. Tembo wa watoto wale alikuwa na akili, na njaa, na pia alikuwa na ndama. Kwa maneno mengine, walikuwa wameichukua hadithi ya kitabuni nzima na kuitia ndani ya hadithi yao. Hakuna aliyeyaandika hayo. Wala sisi hatukuandika. Tulikwenda kama wageni, na daftari likabaki mkobani.

Swali la mvulana yule si la kuchekesha kwa wanaojua hali ilivyo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zake za mwaka 2011, inatambua malipo kwa watu walioathiriwa na wanyama wakali na waharibifu. Kwa Kiswahili malipo hayo yanaitwa kifuta jasho pale mazao yalipoharibiwa, na kifuta machozi pale mtu alipouawa au kujeruhiwa. Wanaisimu wangefaa kuyatazama kwa makini istilahi hizi mbili. Serikali imekuwa ikisisitiza kwamba malipo haya si fidia, na lugha imeutekeleza msisitizo huo kwa ustadi: jasho hufutwa, machozi hufutwa, lakini gunia la mahindi halirudishwi. Ni sitiari iliyotungwa na dola, na mtoto wa Mugumu huijua kabla hajafundishwa sitiari ni nini. Sasa mtoto huyo, mwenye hazina kama hiyo ya lugha na ya maisha, ndiye anayepewa kitabu kinachomwambia kwamba tembo ni rafiki.

Kasoro hii haitokani na uvivu wa waandishi wetu. Inatokana na mahali pa kusimamia. Sehemu kubwa ya maandishi kuhusu Serengeti yameitazama nchi hiyo kutoka juu. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliwahesabu wanyama mwaka 1958 wakiwa ndani ya ndege iliyopakwa michirizi ya pundamilia. Michael akafa katika ajali ya ndege hiyo mwezi Januari 1959, na kitabu chao kikauzwa duniani kote. Siku hizi mtalii hupanda puto alfajiri. Kutoka juu mtu huona makundi, huona mpaka, huona moshi, haoni dungu. Inashangaza kidogo kwamba hata hadithi zetu za watoto zinapotaka kuisifu nchi hupenda kuruka.

Mfano ulio bora kuliko yote ni wa Edwin Semzaba, nasi tunautaja kwa heshima. Semzaba, aliyefariki mwaka 2016, alikuwa mtunzi wa tamthiliya, mwigizaji, mwongozaji na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ni mmoja wa waandishi wachache wa Kiswahili waliovuka kutoka jukwaani hadi kwenye hadithi za watoto bila kuliacha jukwaa nyuma. Katika Marimba ya Majaliwa (2008) anamwezesha msomaji kijana kuizunguka Tanzania kwa ungo. Huo ni uamuzi wa kijasiri, kwa maana chombo kinachohofiwa kama kipando cha wachawi kinageuzwa kuwa darasa la jiografia. Msomaji anapewa nchi yake nzima, na anapewa sababu ya kuipenda. Hatuna ugomvi na ungo huo. Tunachosema ni kwamba ungo hauna budi kutua mahali, na hapo utuapo pana watu.

Na Semzaba mwenyewe aliyajua haya, kwani ndiye aliyetuandikia Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe (1988). Ngoswe anafika kijijini na makaratasi ya sensa, ana elimu na ana dhamana. Lakini kijiji si orodha ya vichwa, na kazi yake inaishia motoni. Kila mwanafunzi aliyesoma tamthiliya hiyo sekondari anakumbuka mapenzi ya Ngoswe na Mazoea. Sisi tungependa akumbuke zaidi yale makaratasi. Mwandishi wa watoto anayeshuka Mugumu au Tarime mjini na boksi la vitabu kuhusu uhifadhi yumo katika hatari ileile, naye haponi kwa kuwa na nia njema.

Njia ya kupona ilikwisha kuonyeshwa, tena na wanazuoni wa chuo chetu wenyewe. Mwaka 1982 na 1983, katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi ya sanaa za maonyesho kwa ajili ya maendeleo. Hawakwenda na igizo. Walikaa, wakatafiti pamoja na wanakijiji, wakaibua tatizo la wasichana kukatizwa masomo kwa ujauzito, wakatunga kwa kutumia ngoma na sanaa zilizokuwapo, wakaonyesha, kisha wakajadiliana na watazamaji. Mlama ameieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1991. Ajabu ni kwamba mbinu hiyo imesomwa sana na wanafunzi wa sanaa za maonyesho na kusahauliwa kabisa na wanaoandika vitabu vya watoto. Kana kwamba kalamu na jukwaa vina wizara mbili tofauti.

Kilichoshika nafasi yake ni ngonjera ya mgeni rasmi. Tangu mwaka 2012 Kenya na Tanzania huadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba, majira ambayo nyumbu wako katika uhamaji wao. (Nyumbu huyu, tukumbuke, katika kamusi zetu amelazimika kugawana jina na mtoto wa punda na farasi; lakini hilo ni suala la makala nyingine.) Maadhimisho kama haya ni fursa adhimu ya kukutanisha mwandishi, jukwaa na watoto wa nchi mbili zinazonywa maji ya mto mmoja. Hata hivyo katika sherehe zetu za kitaifa na za mikoa watoto aghalabu hupangwa mistari miwili, wakakariri majibizano ambayo jibu lake linajulikana na kila mtu kabla ya swali. Mathias Mnyampala alipozikuza ngonjera alikusudia mabishano, na bishano la kweli huwa na pande mbili zenye nguvu. Ngonjera ya mazingira tunayoisikia leo ina upande mmoja na nusu: mkata miti mjinga, na mpanda miti mwenye hekima.

Mto Mara hauingii katika mpango huo. Unaanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, unapita kati ya wanyama wa Masai Mara na Serengeti, kisha unaambaa na mashamba, malisho na maeneo ya madini kabla ya kupotelea katika mafunjo na kumwagikia Ziwa Victoria, safari ya kilometa takribani 395. Mwezi Machi 2022 maji ya sehemu za chini za mto huo yaligeuka rangi na samaki wakafa kwa wingi. Kamati iliyoundwa na Serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea. Wananchi na baadhi ya viongozi wao wakaonyesha mashaka yao waziwazi. Huko Tarime kumbukumbu ya malalamiko ya mwaka 2009 kuhusu Mto Tigithe, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara, ilikuwa bado haijafutika. Makala haya hayana uwezo wa kuamua kemia ya maji. Yanachouliza ni hiki: mwandishi wa watoto anayesimama jukwaani mbele ya mtoto aliyeona samaki wakielea atasema nini? Akisema "tusitupe taka mtoni" atakuwa amesema kweli, na hakuna atakayemsikiliza. Lakini akiwapa watoto mto uwe mhusika, mfugaji awe mhusika, mchimbaji awe mhusika, na samaki aulize maswali, huenda akapata hadithi ambayo hakuja nayo. Fasihi ina ruhusa ya kuishi na swali ambalo kamati haiwezi kuliacha wazi.

Isitoshe, hadhira hii haikosi fasihi yake ya mazingira. Wakuria, kwa jadi, wana wanyama wanaoheshimiwa na koo zao, na mpigaji wa litungu anajua habari za nchi kuliko ramani nyingi. Waikoma wanazo pembe za tembo ziitwazo machaba, ambazo ni amana takatifu ya kabila zima. Kwao tembo si rafiki wala adui, ni sehemu ya mkataba wa wahenga. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika utafiti wake wa mwaka 2007, ameonyesha jinsi masimulizi ya watu wa Serengeti ya magharibi yalivyohifadhi majina ya mahali palipokuwa makazi yao, baadhi yake sasa pakiwa ndani ya hifadhi. Mtoto wa Kiikoma au wa Kingoreme anayesikia majina hayo kwa bibi yake kisha akasoma kitabu kinachomweleza kwamba Serengeti ni nyika isiyopata kukaliwa na mtu, anajifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba bibi anasema uongo, au kwamba vitabu husema uongo. Wapenzi wa Kiswahili tutafakari ni lipi kati ya hayo tunalitaka. Igizo la jukwaani, ambamo mtoto huchomoza neno la Kikuria pale Kiswahili chake kinapokwama, linaweza kumwondolea shida hiyo. Kitabu peke yake ni vigumu.

Tunajua tutajibiwa kwamba tunataka kumfunga mwandishi kamba, utunzi wake uidhinishwe na darasa la 5. La hasha. Mvulana yule hakuidhinisha wala hakukataa, aliuliza. Hoja ya gharama ina uzito zaidi, kwa sababu barabara ya kwenda Mugumu ni ndefu na posho ya mwandishi ni fupi. Lakini fedha ya kukosea nayo ni fedha. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayobeba jina la mwana wa Butiama aliyezitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare, imeanza kutolewa mwaka 2023 na imeongeza uwanja wa hadithi za watoto. Moja ya ahadi zake ni kuichapisha miswada inayoshinda na kuisambaza shuleni. Basi kati ya siku ya ushindi na siku ya kiwanda cha uchapaji pana nafasi. Miswada inayohusu wanyama, misitu na maji ipelekwe humo: wiki moja katika shule za Serengeti, wiki moja Tarime, mwandishi akiwapo, na watoto wakipewa ruhusa ya kuigiza kile ambacho hakimo.

Na mwanafunzi mmoja wa uzamili akae nyuma ya darasa na daftari. Tasnifu ngapi zimeandikwa kuhusu dhamira za vitabu vya watoto, bila mtoto hata mmoja kusikika ndani yake? Daftari la namna hiyo lingefaa kuhifadhiwa katika maktaba ya idara, likiwa na majina ya nafasi zilizochezwa, maneno ya Kikuria na Kingoreme yaliyotumika, na mahali ambapo watazamaji walicheka. Sisi tungeanza na lile igizo la dungu, kama msichana aliyecheza mama bado anayakumbuka maneno yake.