Ezekieli Mwenye Suruali

Toleo hili tumewapa wachoraji wa nyumba za sala. Hapa Bagira ndugu wengi hushikilia kwamba Mungu alikataza picha, basi ukuta wa kanisa upakwe chokaa na kuachwa hivyo. Nawaomba waitazame Dura-Europos, mji wa kale kando ya mto Frati, Siria.

Mwaka 1932 wachimbaji wa Marekani na Ufaransa walifukua sinagogi huko, kuta zake zimejaa picha za Biblia. Wayahudi, watu waliokabidhiwa amri hiyo kwanza, walilikarabati yapata mwaka 245 na kulichora: Musa mchanga akitolewa mtoni, Samweli akimpaka Daudi mafuta, Esta na Mordekai, sanamu ya mungu Dagoni imevunjika mbele ya Sanduku la Agano. Uso wa Mungu haumo. Umo mkono tu, ukishuka kutoka juu. Ndivyo walivyoitii amri: matendo ya Mungu waliyachora, Mungu mwenyewe hawakumgusa. Mnamo 256, Waajemi walipokaribia, askari wa Kirumi walilifukia jengo ili kuimarisha ukuta wa mji. Mji ulianguka, picha zikapona, na zilihamishiwa makumbusho ya Dameski.

Kati ya picha hizo, mimi hushikwa na ile ya bonde la mifupa mikavu. Ezekieli amevaa suruali ya Kiajemi, vazi lililojulikana pale pale mjini. Vichwa, mikono na miguu vimetapakaa chini. Mbele kidogo, wafu wamesimama wazima. Jimbo letu, lenye makaburi ya waliouawa Kasika mwaka 1998, linahitaji kuliona bonde hilo likiwa na milima yetu, na wanaofufuka wamevaa vitenge.

Kuichora Biblia katika mazingira ya wenyeji si jambo geni Afrika. Mwaka 1959 Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alikamilisha michoro ya maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Yesu wake ni Mwafrika, na nchi anayotembea ni ya Wakikuyu.

Kwa hiyo mapadri, wachungaji na kamati za ujenzi, kabla ya kununua ndoo nyingine ya rangi nyeupe, mwiteni kijana anayechora kuta za saluni na maduka. Msimpe kalenda ya Ulaya ainakili. Akae na mama wa mashirika na wanakwaya, wakubaliane tukio gani lichorwe na wapi, kisha alipwe kama anavyolipwa fundi mwashi.