Kabla ya kununua mashine ya leza, jifunze kuchora

MEI 2023, waandamanaji walichoma mashine za kuchuna majani chai Kericho. Kilio chao kilikuwa kwamba mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na waliozoea kubeba kikapu wanabaki mikono mitupu. Moto ulizimika lakini swali halikuzimika. Kama wewe ni kijana wa Kericho, Litein, Sotik au Silibwet, bado linakusubiri: mashine zikija, utakuwa yule anayeondolewa au yule anayezipa amri?

Mashine ya leza ya nyumbani ni mahali pazuri pa kuanza kulijibu. Inatosha juu ya meza, inaongozwa na tarakilishi, na miale yake inakata plaiwudi nyembamba au kuchonga maandishi juu ya mbao na ngozi. Kazi zake unazijua: vibao vya maduka, zawadi za harusi, tuzo za shule, saa za ukutani, visanduku vya zawadi.

Lakini usikimbilie kukopa. Mashine peke yake haina kazi. Kazi iko kwenye mchoro. Michoro ya bure imejaa mtandaoni, na kila mwenye mashine anapakua kipepeo kilekile na moyo uleule. Watu wawili wa mtaa mmoja wakiuza kitu kimoja, watabaki kushushiana bei hadi wote wakose chapaa. Mchoro uliotoka kichwani mwako hauna mpinzani wa aina hiyo.

Na kuchora hakuhitaji mashine. Programu ya Inkscape ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Huna kipakatalishi? Omba cha rafiki, au lipia saa moja saiba.

Kwanza elewa tofauti ya picha na mstari. Picha ya simu ni vitone vingi vilivyopangwa. Leza inaweza kuichonga juu ya ubao, lakini ili ikate, inahitaji mstari wa kufuata. Mchoro wa mistari unaitwa vekta, na huhifadhiwa kwenye faili la SVG au DXF. Ukiukuza mara kumi, kingo zake hazichakai.

Pili, panga mistari kwa rangi. Rangi moja iwe ya kukata, nyingine ya kuchonga. Programu ya kuendesha mashine, kama LightBurn ambayo hulipiwa au LaserGRBL ya bure, ndiyo itakayoambiwa nguvu na kasi. LightBurn inasoma rangi hizo moja kwa moja. Kwa programu isiyozisoma, hifadhi kila kazi kwenye faili lake. Chonga kwanza, kisha kata matundu ya ndani, mzingo wa nje uwe wa mwisho. Ukianza na mzingo, kipande kitasogea au kudondoka kabla hujamaliza.

Tatu, kagua makosa yanayokula mbao. Mistari miwili iliyolaliana hukatwa mara mbili na kuunguza kingo. Maandishi yageuze yawe mistari kabla ya kuhifadhi, la sivyo tarakilishi nyingine itayabadilisha herufi. Ukitaka kukata neno CHAI hadi ng'ambo, tumbo la A litaanguka. Liachie kidaraja chembamba kilishike.

Nne, pima. Mwale wenyewe hula ubao kidogo, mara nyingi sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ukiupuuza, meno ya kisanduku yatalegea. Na plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 3 huenda isifike 3. Ipime kwa kalipa, ukate kipande kidogo cha majaribio, ndipo ukate kazi yenyewe.

Huna pa kukatia? Chapisha mchoro, ubandike kwenye katoni, ukate kwa wembe. Kisanduku kisichofungika kwenye katoni hakitafungika kwenye mbao, na katoni haikugharimu kitu.

Uchore nini? Tazama unapoishi. Kuna majani mawili na chipukizi lake, kuna sotet ya mursik na shanga zake, kuna vilima vya chai vinavyofuatana kama mawimbi. Mgeni anayepita Kericho anatafuta kitu cha kubeba nyumbani. Kwani anunue kipepeo cha mtandaoni?

Siku ukipata mashine, usicheze nayo. Mwale wake unapofusha, kwa hivyo vaa miwani iliyotengenezewa aina hiyo ya leza. Usiiache ikifanya kazi peke yake, wala usiiweke chumba wanacholala watoto. Moshi utoke nje. Plastiki ya PVC, pamoja na ngozi bandia iliyotengenezwa nayo, usiikate kabisa: hutoa gesi inayoumiza mapafu na kula chuma cha mashine. Hiyo ni noma.

Kaunti nazo zina wajibu. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwao. Nairobi kuna karakana za pamoja kama Gearbox, ambako wabunifu hutumia vifaa ambavyo mtu mmoja hawezi kununua. Kericho na Bomet zinaweza kufanya vivyo hivyo: mashine moja chuoni, fundi wa kuielekeza, na zamu zilizo wazi kwa kila kijana mwenye faili lake mkononi. Hiyo ingesaidia kuliko kumwacha kila mtu akope yake, kisha aifunike kwa kitambaa mchoro unapokosekana.

Wewe usingoje kaunti. Wiki hii chora kibao kidogo cha kufungia funguo, chenye jina la mtu unayempenda. Kikitoka sawa kwenye katoni, chora kingine. Ukifikisha mchoro wa kumi, na mtu ameshakuuliza bei, hapo sasa mashine ina kazi ya kufanya.