Bati Limetudanganya

Saa nane mchana, mwezi wa pili, eti niingie nyumbani kwetu Isiolo? Thubutu! Nakaa chini ya mgunga na mbuzi. Mabati matupu bila dari, dirisha kama la kioski. Jua likiwaka, paa linapumua moto juu ya kitanda.

Na haya ndiyo tunaita maendeleo. Akko, nyanya yangu Mborana, alijenga kwa fito, nyasi na mikeka, kwa mikono yake mwenyewe, na upepo ulipita ukutani. Joto letu ni kavu, si la Mombasa. Kivuli na upepo vilimtosha. Tukaiita nyumba ya maskini. Sawa, nyasi huvuja, mchwa huzila. Lakini nenda Samburu au Shaba uone kambi za watalii: paa la nyasi, na mgeni analipa kwa dola. Kwa hivyo nyasi ni umaskini zikiwa za Akko tu?

Sisemi turudi manyattani. Nasema paa liinuliwe, dari iwekwe, hewa ya moto iachiwe matundu ya kutokea. Juzi nilimuuliza fundi bei ya dari. Akacheka: "Kwani wewe ni mzungu?"